Kanzu Ndogo ya Samweli na Mita ya Fundi: Kurekebisha Patroni ya Kroshe Hapa Katuba



Habari ya Hana na kanzu ndogo aliyomletea Samweli kila mwaka (1 Samweli 2:19) nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nimesema juu ya nadhiri na upendo wa mama. Siku moja baada ya ibada, dada mmoja mjane wa parokia yetu, anayefuma kroshe kwa ajili ya kulisha watoto wake wawili, alinisubiri mlangoni. Akaniuliza: "Pasta, mtoto alikuwa Shilo, mama alikuwa Rama, na walionana mara moja kwa mwaka. Hana alijuaje kipimo?"

Miaka yote ya shule ya tiolojia hakuna mwalimu aliyeniuliza swali hilo. Nilimwambia nitafikiri. Kusema kweli, nilikuwa nimekwisha kupata sababu ya kufikiri juu ya vipimo, maana miezi michache kabla ya hapo mimi mwenyewe niliwaponza wamama wetu, na yeye alikuwa mmoja wao. Nitaieleza habari hiyo, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mtu anayetaka kufuma nguo ya kuvaa anahitaji kujua.

Wasomaji wa mbali huenda wakafikiri kwamba Kongo yote ni joto. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na kuanzia Mei hadi Agosti tuna kiangazi cha baridi. Usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Katika nyumba zetu za Katuba watu hukaa karibu na mbabula, na mtoto mchanga asiye na kofia hukohoa mpaka asubuhi. Kwa hiyo kazi ya kroshe kwetu si pambo tu. Ni kweli, ukiingia katika sebule nyingi hapa utakuta vitambaa vyeupe vya kroshe juu ya fotei, juu ya meza, hata juu ya televisheni. Mama zetu na bibi zetu walijifunza kazi za sindano katika shule za misioni na katika zile foye sosiale za wakati wa Wabelgiji, ambako mwanamke alifundishwa kushona na kutriko ili awe mke wa nyumbani kama Wazungu walivyomtaka awe. Mambo mengi ya mafunzo hayo tumeyaacha, lakini mikono haikusahau.

Shida ni kwamba kitambaa cha meza hakina mabega. Kikizidi sentimeta tano hakuna anayejua. Nguo ya kuvaa ina mwili ndani yake, na mwili haubishani: inaingia au haiingii.

Basi ilikuwa hivi. Korali yetu ilitaka jile, yaani sweta isiyo na mikono, kwa ajili ya msimu wa baridi. Nikaona katika simu patroni nzuri, ya Kiingereza, kutoka Marekani, yenye maua madogo yanayopanda toka chini hadi shingoni. Nikawaita wamama wanne, nikawatafsiria mistari, nikawapa tarehe. Jile 14 kwa majuma matano. Wao walisema, "Pasta, tufume kwanza moja tuione." Mimi nikasema muda hautoshi, kila mmoja aanze. Uzi ulinunuliwa katika soko la Kenya, akriliki ambayo sisi sote huiita lene, na dada yetu mjane alichukua zamu yake ya likelemba kununua mipira yake.

Siku ya kujaribu, jile ya kwanza haikupita kifuani mwa mwanakorali. Ya pili vilevile. Msichana mwembamba kuliko wote ndiye peke yake aliyeweza kuvaa, na alikuwa hapumui vizuri. Rais wa korali akasema hawatalipa.

Tulikaa chini na mita, na kosa likaonekana haraka. Patroni nzuri huandika mwanzoni kabisa, kabla ya mstari wa kwanza, ni maye ngapi na mistari mingapi inayoingia katika mraba wa sentimeta 10 kwa 10. Hicho ndicho kipande cha jaribio, eshantiyo. Patroni yetu ilisema bridi 14 na mistari 8. Mimi niliruka sentensi hiyo nilipotafsiri, nikiidhani ni maneno ya utangulizi. Wamama wetu, kwa uzi mwembamba kidogo na sindano namba 4 badala ya namba 5, na mikono inayokaza, walikuwa wakipata bridi 17 na mistari 9.

Fanya hesabu nami. Patroni ilitaka bridi 66 mbele na 66 nyuma, jumla 132. Kwa mkono wa yule Mmarekani aliyeitunga, 132 kugawanya kwa 1.4 ni sentimeta 94. Kifua cha sentimeta 88 kinaingia humo na kubaki na sentimeta 6 za kupumua. Kwa mkono wa Katuba, 132 kugawanya kwa 1.7 ni chini ya 78. Wamama walikuwa wamefuata kila mstari kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliowapeleka sentimeta 16 pembeni. Hakuna maye hata moja iliyokosewa.

Namba za patroni ni za mkono na uzi wa mtu mwingine. Unachochukua kwake ni umbo na mpango wa maua. Hesabu ya maye unaitengeneza mwenyewe.

Njia ni hii. Kwa uzi wako na sindano yako, fuma kipande cha sentimeta 15 hivi kila upande, kwa ua lile lile utakalotumia. Usipime kingo, zinadanganya. Pima sentimeta 10 za katikati. Lakini kabla ya kupima, kifue na kukianika, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi. Pamba ikilowa huwa nzito na kurefuka, hasa ikining'inizwa kwenye kamba; akriliki hubadilika kidogo tu. Nguo itafuliwa maisha yake yote, kwa hiyo kipimo cha kweli ni kile cha baada ya maji.

Kisha pima mwili: kifua mahali palipo panene zaidi, upana wa mabega toka mfupa hadi mfupa, kutoka bega mpaka unapotaka nguo iishie, na duara la mkono juu karibu na kwapa. Ongeza nafasi. Kwa jile ya kuvaa juu ya shati, sentimeta 6 mpaka 10. Kwa mama anyonyeshaye, ongeza zaidi na ufungue mbele kwa vifungo. Zidisha kipimo kwa maye za sentimeta moja. Katika jile zetu, 94 mara 1.7 ni karibu 160, yaani 80 mbele na 80 nyuma. Urefu wa sentimeta 56 mara 0.9 ni mistari 50.

Hapo ua nalo linaleta neno lake. Ua letu lilikula maye 6. Nusu ya patroni ya zamani, 66, ni maua 11 kamili. Lakini 80 haigawanyiki kwa 6. Ukilazimisha, ua la mwisho litakatika kwapani, na kila mtu kanisani ataliona mwimbaji akiinua mikono. Tulichofanya baadaye ni maua 13, yaani maye 78, na maye moja ya ukingo kila upande. Inatimia 80. Maye hizo mbili za ukingo zinasaidia pia wakati wa kuunganisha ubavu, kwa hiyo sioni kwamba ni hasara. Kama namba yako inaangukia katikati ya ua bila njia ya kutoka, badili sindano kwa nusu milimeta na ufume jaribio jingine. Mara nyingi inatosha.

Jambo la pili lililotuponza, na hili lilikuwa karibu kuharibu hata jile za marudio, ni lugha. Sisi hapa tumerithi majina ya Kifaransa: mnyororo wa kuanzia, maye sere iliyo fupi, nusu-bridi, bridi, bridi mbili. Patroni nyingi za simu ni za Kiingereza, na Waingereza na Wamarekani hawakubaliani. Mmarekani akisema "dabo kroshe" ana maana ya bridi yetu. Mwingereza akisema "dabo kroshe", neno lile lile, ana maana ya maye sere. Bridi ina urefu wa karibu mara mbili ya maye sere, kwa hiyo ukikosea Kiingereza, sweta ya mtu mzima inaishia kitovuni, au ya mtoto inafika magotini. Alama ya kutambua ni hii: ukikuta "singo kroshe" popote katika patroni, ni ya Kimarekani, maana Waingereza hawana maye ya jina hilo.

(Wale tuliosoma Kiyunani tunajua maumivu haya ya neno moja lenye maana mbili. Lakini katika Kiyunani ukikosea, msharika haonekani tumbo.)

Afadhali utafute patroni yenye mchoro. Alama za mchoro zinafanana karibu kila mahali, hata katika vitabu vya Wajapani: yai dogo ni mnyororo, msalaba ni maye sere, herufi T ni nusu-bridi, T yenye kijistari kimoja kiunoni ni bridi, yenye viwili ni bridi mbili. Mama asiyejua Kiingereza wala Kifaransa, hata yule ambaye hakukaa sana shuleni, anaweza kusoma mchoro kuliko mimi. Nimeliona jambo hilo kwa macho, na sikulipenda sana siku ya kwanza.

Kofia ni mlango mzuri wa kuanzia, kwa sababu kosa lake ni dogo na uzi wake ni kidogo. Kofia ni duara linaloacha kukua. Kwa bridi, anza na 12 katika pete ya katikati, na kila mzunguko uongeze 12: 24, 36, 48. Kwa maye sere, anza na 6 na uongeze 6. Duara likianza kujikunja kama jani la kabeji, unaongeza kupita kiasi. Likijikunja kama bakuli kabla ya wakati wake, unaongeza kidogo mno. Lini uache kuongeza? Pima kichwa, ugawanye kwa 3.14. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa juzi ni karibu sentimeta 35, basi duara la juu liwe na upana wa sentimeta 11. Kichwa cha mtu mzima cha 56 kinataka karibu 18. Ukitaka kofia ishike vizuri, toa sentimeta moja. Kutoka hapo fuma bila kuongeza mpaka masikioni. Bere ya wamama ni kofia hiyo hiyo ambayo imeachwa ikue mpaka sentimeta 26 au 27, halafu inapunguzwa irudi kwenye kipimo cha kichwa.

Sasa nirudi kwa Hana. Dada yetu na mimi tulifikia jibu ambalo siwezi kulithibitisha kwa Maandiko, lakini fundi yeyote atalikubali: ni lazima alifanya kanzu kwa kubahatisha ukuaji, na ni lazima alijua namna ya kuacha nafasi. Kwa kroshe tuna njia nzuri ya kufanya hivyo, nayo ni kuanza shingoni na kushuka. Unafuma mnyororo wa shingo, unaugawanya sehemu nne, mbele, nyuma na mabega mawili, na katika kila pembe unaongeza maye kila mzunguko mpaka ufike kwapani. Hapo unaacha mikono ipumzike, unaunganisha mbele na nyuma, na unashuka kwa mzunguko bila mshono. Mtoto anajaribu nguo ikiwa bado kwenye sindano. Na mwaka unaofuata, kwa kuwa mwisho wa kazi uko chini, unafungua fundo la mwisho na kuongeza mistari sita au saba ya rangi nyingine, na vivyo hivyo kwenye mikono. Sweta moja inaweza kumfikisha mtoto baridi tatu. Upana lakini hauongezeki kwa njia hiyo, kwa hiyo tangu mwanzo mpe mtoto nafasi ya kifua kuliko urefu.

Wanaokumbuka Yohana 19:23 watatambua kazi ya namna hii: ile kanzu ya Bwana ambayo askari hawakutaka kuipasua, isiyo na mshono, iliyofumwa toka juu. Ile ilitoka kwenye kitanda cha mfumaji, si kroshe, lakini sababu ya kuithamini ni ile ile. Na katika Kutoka 28:32 kuna agizo juu ya tundu la kichwa la joho la kuhani, lizungushiwe utepe ili lisipasuke. Wamama wetu walicheka nilipowasomea, kwa sababu shingo ndiyo mahali jile zetu za kwanza zilikuwa zikilegea. Dawa ni mizunguko miwili ya maye sere, na usichukue kila maye ya ukingo; kila baada ya tatu au nne ruka moja, shingo itakaa.

Juu ya uzi nitasema kwa kifupi. Mpira una karatasi yenye namba mbili, moja ya rangi na moja ya mara ile uzi ulipotiwa rangi. Nunua mipira yote siku moja yenye namba zote mbili sawa, la sivyo mgongo utakuwa wa buluu nyingine. Kujua idadi, fuma mpira mmoja mzima na upime eneo lake. Mpira wetu wa gramu 50 ulitoa karibu sentimeta za mraba 1,000. Jile ya 94 kwa 56 ni 5,264. Basi mipira sita, na mmoja wa akiba. Akriliki inayeyuka: pasi ya makaa isiiguse, na mtoto aliyevaa akriliki akae mbali na mbabula. Kwa mtoto mchanga napendelea pamba, ijapokuwa ni ghali. Na masweta ya mitumba yenye tobo yanaweza kufumuliwa: angalia ubavuni kwanza, kama kitambaa kimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine, uzi utatoka vipande vipande na utapoteza siku yako.

Mashine za kutriko ziko nyingi duniani, lakini kroshe ya kweli bado inafumwa kwa mkono. Ndiyo maana katika njaa kubwa ya Ireland, miaka ya 1840, watawa na wake wa wachungaji waliwafundisha wanawake maskini kufuma lesi ya kroshe, na lesi hiyo ikauzwa mbali na kuokoa nyumba nyingi. Ndiyo maana pia kazi hii inadharauliwa bei yake: mnunuzi wa Katuba hulinganisha jile ya saa ishirini na sweta ya mitumba. Kwa hiyo tangu mwaka ule, kikundi chetu kinaandika saa katika daftari pamoja na uzi, na mteja anaonyeshwa daftari kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Wengine huondoka. Afadhali waondoke wakati ule kuliko siku ya kujaribu.

Jile 14 za korali hatukuzifumua. Mmoja wa wamama, mzee kuliko wote, ndiye aliyeona njia. Mbele na nyuma vilikuwa vipande viwili vilivyounganishwa ubavuni, basi tulifungua ubavu na kuingiza kila upande utepe wa sentimeta 8 toka kwapani mpaka chini. Sentimeta 78 na 16 ni 94. Uzi wa rangi ile haukupatikana tena sokoni, kwa hiyo tepe zikawa nyeusi. Uzi huo niliulipa mimi, na Jumapili iliyofuata nilisema mbele ya kanisa kosa lilikuwa la nani, maana watu walikuwa wameanza kusema wamama hawajui kazi. Korali ililipa, ila ilichelewa miezi miwili, na dada yetu mjane alipitisha miezi hiyo akidaiwa na wenzake wa likelemba. Aliniambia hivyo waziwazi. Tuko sawa sasa, lakini hajasahau, na sidhani inafaa asahau.

Leo yeye ndiye anayetunga patroni za kikundi. Ana daftari la shule lenye miraba. Upande wa kushoto mchoro, upande wa kulia hesabu, na juu ya kila ukurasa ameandika maye na mistari ya sentimeta 10, kwa wino mwekundu. Majuma haya anapima watoto wa shule ya Jumapili kabla baridi ya Mei haijafika. Kwa kila mtoto anaandika kifua cha leo, anaongeza sentimeta 6, na anaacha mistari mitatu mitupu chini ya jina, ya mwaka ujao.